Nyumba Iliyochorwa na "Author"

Kuna siku nilipeleka ramani za nyumba halmashauri kuomba kibali cha ujenzi. Nyumba yenyewe ya kawaida tu: vyumba vitatu, sebule, baraza mbele, choo cha wageni pembeni. Karatasi saba za ukubwa wa A1, nimezikunja vizuri na kuzibana kwenye faili. Mzee aliyekaa mezani hakuangalia baraza wala sebule. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya chini kulia, akavaa miwani, akasoma kimya. Kisha akaniuliza, "Kijana, huyu Author ni nani?"

"Yupi, mzee?"

"Huyu hapa. Ramani zote saba kachora yeye. Na huyu Checker ndiye kazikagua. Kawaite waje wasaini, mrudi wote watatu."

Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka, lakini masikio yalikuwa yanawaka moto. Programu niliyochorea ilikuja na kiolezo, na kiolezo kilikuwa na maneno ya kushikia nafasi: mahali pa mchoraji pameandikwa Author, mahali pa mkaguzi pameandikwa Checker. Kazi yangu ilikuwa kuyafuta na kuweka majina ya watu. Nilisahau. Kosa langu, wala simsingizii mtu. Nikarudi nyumbani na ramani zangu saba, na njiani neno lile likawa linanigonga kichwani. Author. Kwetu sisi wapenzi wa vitabu hilo ni neno zito: mtunzi, mwandishi, mwenye kazi. Na mimi nimechora nyumba ya watu, mtunzi wake hayupo.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kona za ramani kama wengine wanavyosoma kurasa za mwanzo za vitabu. Insha hii ni historia fupi ya kona hiyo.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kila ramani ya jengo ina kisanduku, mara nyingi chini upande wa kulia au kwenye ukanda mzima wa kulia. Ofisini tunakiita taitobloki. Ndani yake kuna jina la mradi, jina la mteja, anwani ya kiwanja, kipimo, tarehe, namba ya karatasi, orodha ya marekebisho, aliyesanifu, aliyechora, aliyekagua, aliyeidhinisha. Ukitaka kukifananisha na kitu cha fasihi, ni ukurasa wa jina la kitabu na ukurasa wa haki za mchapishaji, vimebanwa pamoja pembeni.

Na fasihi yetu ya pwani iliijua kazi hiyo zamani sana. Chukua utendi wa Mwana Kupona, ule wa mama anayemuusia binti yake. Kuelekea mwisho anaacha wosia na kufanya hesabu: anataja mwaka wa Hijria, 1275, ambao kwa kalenda ya kizungu unaangukia 1858, na anataja idadi ya beti, mia moja na mbili. Ukisoma haraka utadhani ni mapambo. Lakini fikiria enzi ambazo utenzi ulisafiri kwa mkono, mtu ananakili Lamu, mwingine ananakili Mombasa. Idadi ya beti ni kufuli. Ukipewa nakala yenye beti themanini unajua kuna mkono umepunguza. Msanifu wa leo anapoandika "karatasi ya 3 kati ya 12" anafanya jambo lile lile: anamlinda msomaji asiyemfahamu, aliye mbali, dhidi ya nakala pungufu.

Ulaya nako, wachoraji wa ramani za nchi na bahari wa karne ya 16 hadi ya 18 walikuwa na kisanduku chao cha mapambo. Kilizungukwa na majani, malaika, simba, hata watu wa nchi za mbali waliochorwa kwa kubahatisha. Ndani mliandikwa jina la ramani, kipimo, jina la mchoraji, na mara nyingi maneno ya kumtukuza mfalme au tajiri aliyelipia kazi. Zingatia hilo la mwisho. Kisanduku kile kilikuwa na watu wawili ndani, anayefanya kazi na anayelipa, na wakati mwingine jina la anayelipa ndilo lililopata majani mengi zaidi.

Sasa twende 1842. Mwaka huo Mwingereza John Herschel, mwanasayansi wa nyota na kemia, aligundua njia ya kuchapa picha kwa chumvi za chuma na mwanga wa jua. Karatasi ikipigwa na jua na kuoshwa kwa maji inageuka bluu, na sehemu iliyozibwa inabaki nyeupe. Wahandisi wa baadaye katika karne ile walipoichukua, wakaanza kunakili michoro yao kwa njia hiyo, mistari myeupe juu ya bluu. Kwa muda mrefu "ramani ya bluu" ikawa ndiyo ramani.

Ila kabla ya wahandisi, alikuwepo mama mmoja. Anna Atkins, Mwingereza aliyependa mimea, alianza mwaka 1843 kutoa kitabu cha picha za mwani wa baharini, kila ukurasa umechapwa kwa njia ya Herschel. Historia ya upigaji picha inakihesabu kitabu hicho kuwa cha kwanza cha aina yake. Mle ndani hakuandika jina lake kamili. Aliandika A.A. tu. Miaka ilipopita, mkusanyaji mmoja wa vitabu alizitazama herufi zile akadhani zina maana ya mtu asiyejulikana anayejifunza, kwa sababu maneno hayo mawili kwa Kiingereza nayo huanza na A na A. Jina lake lilirudishwa baadaye na watu waliojali kuuliza. Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu kimetokea kwenye karatasi ile ile ya bluu iliyokuja kubeba michoro ya majengo ya dunia nzima, na kwa sababu ya zile herufi mbili. Ofisi nyingi za ramani mpaka leo zinamruhusu mchoraji aache herufi mbili tu.

Kwa nini kona ya chini kulia? Jibu liko kwenye kukunja. Mwaka 1786 msomi wa Kijerumani, Georg Christoph Lichtenberg, aliandika kwenye barua juu ya karatasi ya ajabu: ukiikunja katikati, nusu yake inabaki na umbo lile lile la karatasi nzima. Mwaka 1922 Wajerumani, kwa kazi ya Walter Porstmann, wakaifanya fikra hiyo kuwa kanuni rasmi. A0 ina eneo la mita moja ya mraba. Ikate nusu upate A1, milimita 594 kwa 841. Endelea mpaka A4, 210 kwa 297, karatasi ya barua, ya mtihani, ya risala ya harusi. Kwa hiyo ramani kubwa yoyote inaweza kukunjwa ikawa saizi ya barua na kuingia kwenye faili. Ikikunjwa kwa utaratibu, kinachobaki juu ni ile kona. Ndiyo maana yule mzee wa halmashauri hakuhitaji kufungua ramani yangu. Kona ilimwangalia usoni.

Shirika la viwango la kimataifa lina kanuni ya kisanduku hiki, namba 7200. Toleo la 2004 linasema upana wake uwe milimita 180. Namba haikutoka hewani: chukua upana wa A4, 210, toa 20 za kushoto zinakotobolewa matundu ya faili, toa 10 za kulia, inabaki 180. Kanuni hiyo pia inataja mambo ya lazima: mmiliki wa kisheria, namba ya utambulisho, tarehe ya kutolewa, namba ya karatasi, kichwa cha mchoro, aina ya waraka, aliyeidhinisha, na aliyetengeneza. Mmiliki yumo, na mtengenezaji yumo. Angalau kwenye karatasi ya kanuni.

Nilijifunza kuchora kwa mzee mmoja aliyeanza kazi hii enzi za meza iliyolala mshazari na rula ya T. Sitamtaja jina, hapendi. Alinieleza kwamba karatasi zao za kuangaza zilikuja zimeshachapwa mpaka na kisanduku cha ofisi, wao wanajaza tu. Herufi zilipitishwa kwa stensili, wino mweusi, mkono hautakiwi kutetemeka. Ukikosea unakwangua kwa wembe, taratibu, usije ukatoboa karatasi. Nakala zilitolewa kwenye mashine ya amonia, na chumba kizima kilikuwa kinatoa machozi. "Kisanduku tulikijaza mwisho," aliniambia. "Usiandike jina lako kwenye kitu ambacho hujakimaliza." Alikuwa anaandika herufi zake tatu kwenye mraba mdogo kuliko ukucha, na alijua kuandika tarehe kwa namna ambayo ungetambua mkono wake hata bila herufi zile.

Sasa kuna mtu atasema: herufi tatu, tarehe, sasa hiyo nayo ni historia? Msikilize huyu.

Jioni ya tarehe 17 Julai 1981, katika ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, watu walikuwa wanacheza muziki. Juu yao palining'inia madaraja ya ndani ya kupitia watu, yameshikiliwa na fito za chuma kutoka darini. Mawili yakaanguka, moja juu ya jingine. Walikufa watu 114, wakajeruhiwa zaidi ya 200. Uchunguzi ulikwenda moja kwa moja kwenye michoro. Usanifu wa mwanzo ulikuwa na fito ndefu, moja ikitoka darini na kupita kwenye daraja la ghorofa ya nne hadi la ghorofa ya pili. Wakati wa kuandaa michoro ya karakana ya chuma, ufito ule ukagawanywa: mmoja toka darini mpaka daraja la juu, mwingine toka daraja la juu mpaka la chini. Ukitazama kwa haraka ni kitu kile kile. Lakini sasa kiungo cha daraja la juu kilibeba madaraja mawili badala ya moja, uzito maradufu. Na michoro ile ilikuwa na mhuri wa wahandisi kwamba imepitiwa. Wahandisi wawili walinyang'anywa leseni katika jimbo la Missouri.

Hesabu iliyokosekana pale si ngumu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeifanya. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama nyuma ya lile neno "imekaguliwa". Mraba ulijazwa, mkaguzi hakuwepo. Kwa lugha ya ramani zangu, alikagua Checker.

Kwetu nako tunajua. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam, likaua watu 36. Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo. Kila mara, kabla hata vifusi havijaisha kuondolewa, swali la mitaani ni lile lile: nani alichora, nani alipitisha, fundi alikuwa na ramani au alikuwa anajenga kwa macho? Kibao kile cha mabati kinachosimamishwa mbele ya eneo la ujenzi, chenye jina la mteja, msanifu, mhandisi na mkandarasi, ni kisanduku kile kile kimetolewa kwenye karatasi na kuwekwa barabarani, ili mpita njia naye aweze kusoma.

Lakini kisanduku hakikamati lawama tu. Kinagawa sifa pia, na hapo ndipo ugomvi wake wa pili ulipo. Jumba la mikutano la Kenyatta jijini Nairobi, lililofunguliwa 1973, mnara wake wa duara kila mtu anaujua. Ukiuliza nani alilisanifu, wengine watakutajia Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe, wakaishia hapo. Wengine watakutajia David Mutiso, msanifu Mkenya, wakaishia hapo. Majina mawili yanatosha kabisa kwenye kisanduku kimoja. Ni midomo ya watu inayopenda jina moja. Nenda Marekani: mwaka 1991 tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote kwa wasanifu, alipewa Robert Venturi peke yake, ingawa alikuwa amefanya kazi miaka mingi bega kwa bega na mkewe, Denise Scott Brown. Mwaka 2013 wanafunzi wa Harvard wakaanzisha ombi la kutaka mama huyo naye atambuliwe. Maelfu walitia saini. Waamuzi wakakataa kufungua upya uamuzi wa zamani.

Ndipo inakuja kompyuta. Mwaka 1963 kijana Ivan Sutherland, katika chuo cha MIT, alionyesha programu aliyoiita Sketchpad. Unachora kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga. Jambo lililonivutia si kalamu. Ni kwamba ndani yake unaweza kuchora kitu mara moja kikawa mama, kisha ukazaa nakala zake popote. Ukimrekebisha mama, watoto wote wanabadilika. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo mbegu ya kiolezo cha kisasa ilipopandwa. AutoCAD ikaja 1982 na kuzifikisha ramani kwenye kompyuta za mezani. Revit ikatoka 2000, na miaka miwili baadaye ikanunuliwa na Autodesk, wenye AutoCAD.

Katika programu za kizazi hiki, kutengeneza kisanduku chako mwenyewe si kazi ngumu. Unafungua kiolezo cha saizi ya karatasi unayotaka, tuseme A1. Unachora mistari, unaweka nembo ya ofisi. Halafu unafika penye njia panda, nami naomba hapa wapenzi wa lugha mnisikilize vizuri. Kuna aina mbili za maneno. Aina ya kwanza ni maandishi tu: unaandika "Mchoraji", linabaki "Mchoraji" milele, kwenye kila karatasi, kama jina lililochongwa kwenye jiwe. Aina ya pili ni lebo. Lebo haina neno lake. Ni tundu linalochungulia kwenye taarifa za mradi na kuonyesha kilichomo. Ukibadilisha jina la mteja mahali pamoja, karatasi mia zinabadilika zenyewe. Ukitaka tundu la jambo ambalo programu hailijui, lazima ulipe jina na kulitangaza pande mbili, kwenye kiolezo na kwenye mradi. Ukitangaza upande mmoja tu, mraba unabaki mtupu.

Na lebo isiyojazwa huonyesha neno la kushikia nafasi. Ndiyo asili ya Author wangu. Zamani mchoraji akisahau, mraba ulibaki mweupe, na weupe unapiga kelele. Siku hizi mraba unaonekana umejaa. Jicho linapita. Mimi lilinipita mara saba.

Miezi michache baada ya aibu ile, ofisi moja niliyokuwa nafanyia kibarua iliamua kuingiza ramani zake za zamani kwenye kompyuta. Kazi nzuri, karatasi zilikuwa zinaliwa na mchwa. Tulizipiga picha, tukazichora upya, tukazivalisha kisanduku kipya cha ofisi, chenye nembo mpya na rangi. Mpangilio wa kisanduku ulikuwa wa kisasa, safi. Ulikuwa na mraba mmoja wa mchoraji. Kila mmoja wetu akaweka herufi zake, kwa sababu kweli ndiye aliyechora faili lile.

Nilikuwa karatasi ya arobaini na kitu nilipoiona tarehe ninayoitambua mkono wake. Shule ya msingi, madarasa manne, ofisi ya mwalimu mkuu, tangi la maji. Herufi tatu za yule mzee wangu kwenye mraba mdogo kuliko ukucha. Nilikuwa nimeshaandika zangu juu yake.

Nilimpigia simu. "Shikamoo mzee. Ile shule ya madarasa manne, ulichora wewe?"

"Marahaba. Ile yenye tangi? Nilichora mimi, bomba la tangi nilikosea, nikarudia usiku. Imeharibika?"

"Haijaharibika. Naiingiza kwenye kompyuta."

"Bomba liweke lilivyo sasa, usinirudishie kosa," akasema, kisha akacheka na kuniuliza habari za watoto. Jina lake hakuliuliza.

Jioni ile nilikifungua kiolezo cha ofisi. Nilisogeza mstari mmoja juu milimita tano, nikapata nafasi ya mraba mmoja zaidi. Nikaandika pembeni, kwa maandishi yale ya kudumu, "Mchoraji wa awali". Ndani nikaweka lebo. Nikaifungua ile shule: mraba mtupu. Nilikuwa nimetangaza upande mmoja. Nikaenda upande wa mradi nikatangaza huko pia, nikaandika jina lake kamili, maana herufi tatu hakuna atakayezijua baada yetu. Asubuhi nikamwomba mkuu wa ofisi turudie zile karatasi arobaini za mwanzo. Alinuna kidogo kwa ajili ya muda, kisha akakubali, akaniambia nizifanye mwenyewe, saa za ziada, bila malipo.

Nimefika ya ishirini na sita. Kumi na moja kati ya hizo zina herufi ambazo bado sijajua ni za nani.